Kompyuta iligoma kuapdeti, kumbe saa iko nyuma

Dada yangu ana steshenari, na pale kuna desktop moja ya zamani ya kuprinti na kuskani, niliiweka Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux badala ya Windows) sababu virusi vya flashi za wateja vilikua vinamtesa. Sasa ikawa kila nikipita pale nikiandika sudo apt update (amri ya kuleta orodha mpya za programu) inagoma, inadai eti faili la Release, lile la juu kabisa kwenye seva ya programu, halijawa halali bado mpaka zipite siku mia kadhaa, kwa hiyo apdeti za hapo hazitawekwa. Nikahisi ni bando, nikabadili hotspoti, nikabadili na seva ya kupakulia, nikafuta kila kitu kwenye /var/lib/apt/lists (zinapokaa orodha zilizopakuliwa), wapi!

Ukitafuta mtandaoni kuna watu wanakwambia zima tu huo ukaguzi wa tarehe au andika trusted=yes mambo yaishe. Mimi hapana. Ukaguzi wa tarehe ni sehemu ya ulinzi, na trusted=yes ndo inaruka kabisa ukaguzi wa sahihi: faili la Release lina sahihi ya GPG (muhuri wa kidijitali), ndani yake kuna hashi (kama alama ya kidole ya faili) za orodha za pakiti, yani za programu, na orodha nazo zina hashi ya kila pakiti, sasa ukikata juu huko utajuaje ulichopakua ndo chenyewe?

Zile siku mia kadhaa ndo zikanishtua. Yani kompyuta inaona faili limetoka kesho kutwa huko. Nikaandika timedatectl kucheki saa, loh, iko nyuma zaidi ya mwaka, na NTP (inayorekebisha saa kupitia intaneti) imezimwa. Nikapiga sudo timedatectl set-ntp true, saa ikakaa sawa, apt ikapita bila neno.

Ila umeme ukikatika, au dada akichomoa waya jioni (na anachomoa kila siku, anaogopa moto), saa inarudi nyuma tena mpaka ipate intaneti, na pale intaneti ni simu ya mtu. Hapo ni betri ya kwenye mazabodi inayoshikilia saa umeme ukiwa haupo, CR2032 ya volti 3, hata mafundi saa wanazo. Nilichomoa waya wa umeme, nikabonyeza pawa kidogo kumaliza chaji, nikasukuma kile kishikio betri ikaruka, nikaweka mpya upande wa jumlisha juu, alafu nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Ubuntu haijawaka) kupanga tarehe.

Baada ya sudo apt upgrade, ile inayoweka apdeti zenyewe, watu wengi wanafunga wanaondoka. Mi nikacheki apdeti zilizobaki kwa apt list --upgradable, tupu, sudo dpkg --audit nayo haikuleta kitu, maana yake hakuna pakiti iliyoishia njiani. Lakini uname -r inaonyesha bado kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani, na faili la /var/run/reboot-required lipo, yani inasubiri kuristatiwa. Dada akakataa katakata, wateja wamejaa na vyeti vyao mkononi, ikabidi nisubiri mpaka foleni iishe. Ilivyowaka tena kerneli mpya ikawepo, printa nayo ikakubali, na siku hizi nikitaka kujua kilichoingia nasoma tu /var/log/apt/history.log.