Nyoka wangu alikuwa akifa kila baada ya dakika nne

Jamaa aliyeniambia "wewe tumia Goto tu, ndiyo njia nyepesi" (Goto ni amri ya kuirusha programu hadi sehemu nyingine) nimeshamsamehe, lakini wiki zangu mbili bado namdai.

Nilitaka mchezo wa nyoka kwenye TI-84 Plus yangu, kalkuleta inayokubali programu, niutunge mwenyewe, si wa kunakili. Kioo chake cha maandishi kina mistari 8 yenye nafasi 16, yaani vyumba 128 tu. Nikajiambia kiwanja chenyewe ndicho hiki, kazi ya jioni moja.

Jioni hiyo yote iliishia kwenye neno moja, Output, amri ya kuandika kitu kwenye kioo. Nilibonyeza ALPHA nikaliandika herufi kwa herufi, mashine ikanirudishia ERR:SYNTAX, yaani nimekosea uandishi. Nikaongeza mabano, nikapunguza mabano, nikazima nikawasha. Kumbe amri haiandikwi, inachaguliwa! Ukiwa ndani ya programu unabonyeza PRGM tena, unaingia menyu ya I/O, na Output( yote inakaa kama alama moja. Nilichokuwa nimeandika mimi, kwa macho ya mashine, ni O mara U mara T mara P na kuendelea. Yaani saa tatu nzima nilikuwa naiamuru izidishe.

Mwendo haukunisumbua. getKey inakupa namba ya kitufe: 24 kushoto, 25 juu, 26 kulia, 34 chini, na usipobonyeza kitu inakupa 0, kwa hiyo tunza namba ya mwisho isiyo sifuri (mimi naiweka kwenye D), la sivyo nyoka atasimama kila ukiinua kidole. Watu wanaandika If nne hapo, sharti moja kwa kila kitufe. Mimi, C ikiwa safu aliyopo nyoka, nina C+(D=26)-(D=24)→C, kwa sababu ulinganisho ukiwa kweli unatoa 1 na ukiwa uongo unatoa 0. Mstari mwingine kama huo kwa juu na chini, basi. Huo niliugundua mwenyewe na sitaki kusikia kwamba kila mtu anaujua.

Sasa Goto. Nilizimwaga kila mahali: akila, Goto, akikata kona, Goto. Mchezo ukachezeka vizuri, halafu kwenye dakika ya nne hivi, ERR:MEMORY, eti kumbukumbu imejaa. Nafungua MEM kukagua, nafasi iko tele. Kalkuleta ina kama KB 24 za RAM, na programu yangu haikufika hata KB moja. Nikafuta programu nyingine, nikafupisha nyoka, nikafuta mpaka ukurasa wa kumkaribisha mchezaji. Dakika ya nne, palepale.

Kumbe kila While, For au Then (amri za kurudia na za masharti, zinazofungwa kwa End) inapoanza, mashine inajiwekea alama kwamba kuna End inaidai. Ukiruka nje kwa Goto kabla ya kuifikia, ile alama inabaki, na mruko unaofuata unaongeza nyingine. Programu ikisimama zote zinafutwa kwa mkupuo, ndiyo maana nikienda kukagua nakuta pasafi, kama watoto waliosikia hatua za baba. Nikang'oa Goto zote, nikabakiza Repeat moja inayozunguka hadi nyoka afe kifo chake halali.

Akaishi. Ila kadiri alivyokua ndivyo alivyozidi kuwa kinyonga. Kila hatua nilikuwa nasogeza orodha nzima, pingili moja moja, kutoka mkiani hadi kichwani. Zilipofika thelathini unaweza kunywa maji kabla hajapiga hatua. Nikazima mashine, nikachora nyoka kwenye karatasi, nikamsogeza kwa penseli. Katikati hapabadiliki kitu! Kichwa kinapata chumba kipya, mkia unaacha cha zamani, basi. Kwa hiyo L1, orodha ya vyumba vya mwili, ina nafasi 128. H inaonyesha nilipoandika kichwa, T ulipo mkia, na ikipita 128 inarudi 1. Nachora kichwa, nafuta mkia kwa nafasi tupu, awe na pingili tatu au tisini kasi ni ileile. Akila, T naiacha isubiri zamu moja, na ameshakua.

Kujing'ata kunataka matriki [A] ya 8 kwa 16, 1 penye mwili, 0 penye wazi, maana Output( inaandika tu, haikuambii kilichokuwepo. Na ukuta uuangalie kabla ya kuchora. Wangu alipopita mstari wa 8 mara ya kwanza, mchezo wote ulikatika kwa ERR:DOMAIN, yaani namba imevuka mipaka.

Betri nimemaliza seti tatu, labda nne. Siku moja nilizichomoa bila kujua kuwa ile ndogo ya akiba nayo imekufa, programu yote ikaenda na RAM. Nikaiandika upya kwa kichwa, na toleo la pili likatoka fupi zaidi. Sasa kila nikimaliza kuhariri naipeleka Archive, hifadhi isiyofutika betri zikiisha, kabla sijanyanyuka kitini.

Rekodi yangu ni 74. Mdogo wangu ana 90, na majuzi ndiyo alishtuka kusikia kwamba kumbe kile kidude kinafanya na hesabu.