Kikombe cha Babu na mizizi ya Koko

Koko, bibi yangu, hakulazimishwa na mtu. Naanza na hilo maana kwenye ukoo wetu mpaka leo kuna wanaosema eti tulimburuza bibi wa watu mpaka Loliondo, uongo mtupu, alipanda gari kwa miguu yake akakaa siti ya nyuma na fimbo yake na mfuko wa rambo, akasema twende.

Ilikuwa Machi 2011. Kama ulikuwa Tanzania mwaka ule na ulikuwa na akili zako huna haja ya kusimuliwa, kila daladala, kila saluni, kila msiba habari ni moja, Babu. Mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, KKKT, Ambilikile Mwasapile, yuko kijiji cha Samunge huko Loliondo, ameoteshwa dawa na Mungu, unakunywa kikombe kimoja tu kwa shilingi 500, sukari, presha, pumu, kansa mpaka ukimwi vyote kwisha. Mawaziri walikuwa wanaenda, wenye pesa wanaenda na helikopta, Askofu Laizer wa Arusha alimuunga mkono hadharani, serikali nayo ikatuma wataalam wakasema dawa haina sumu. Sasa nyie mlitaka mgonjwa wa sukari wa Arusha abaki nyumbani anafanya nini?

Mgonjwa wetu alikuwa mama mkubwa. Sukari ilikuwa imemsumbua miaka, kidole cha mguu kilishakatwa na macho yameanza ukungu. Mi nlikuwa nimemaliza mtihani wa form six mwezi wa pili, nipo nipo tu nyumbani nasubiri matokeo, kwa hiyo kikao kikakaa bila mimi na kikaamua mimi ndo msindikizaji.

Sasa Koko. Koko ndo mama yake mama mkubwa na mama yangu, Mwarusha wa huko juu mlimani Meru, Kimaasai ndo lugha yake, na alikuwa anajua miti. Sio mganga wa kupiga ramli, na ukimwita mganga anakuangalia mpaka unaomba samahani. Kwetu kuna watu wawili tofauti kabisa ambao wageni huwa wanawachanganya. Kuna oloiboni, huyo ni mambo ya ukoo, anazaliwa nayo, ana kibuyu chake cha mawe anatikisa anamwaga anasoma, anakwambia nani kakufanyia nini, au safari hii uende au usiende. Halafu kuna mtu kama Koko, ambaye alifundishwa na mama yake huu mzizi ni wa mgongo, lile gamba la mti wa osokonoi ni la kifua, mti wa olkiloriti unatia kwenye supu ya nyama, basi. Hana pepo, hana ndoto. Jumapili yuko kwaya ya akina mama na hakuna mchungaji aliyewahi kumuuliza kitu. Watu wanakuja asubuhi wanaita hodi, anawachemshia, wanaondoka. Malipo ni kilo ya sukari, majani ya chai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine asante tu na hiyo asante yenyewe hapati.

Magazeti yalipotoa picha ya mti wa Babu, nkamsomea. Mti unaitwa mugariga kwa Wasonjo, wenyeji wa huko kwa Babu, una miiba, una vitunda vidogo vyeusi vitamu. Akachukua gazeti akaliweka karibu na jicho, akakaa nalo kimya. Halafu akatoka nje akarudi na tawi, akalitupa mezani. Olamuriaki, ndo jina lake kwetu. Ndo ilikuwa ua uliozunguka banda lake la mbuzi jamani, sisi watoto tulikuwa tunakula yale matunda mpaka midomo inakuwa zambarau.

"Huyu mama mkubwa wako anaenda kunywa ua wangu," akasema, "na mimi naenda kuona."

Nauli ilikuwa haishikiki, Landikruza ambazo zamani zilikuwa za watalii ziligeuka zote kuwa za Babu na bei inapanda kila ukilala ukiamka. Tulipata gari ya kuchangia, tumebanana, kuna mzee mmoja wa Babati mwenye pumu, kuna dada mmoja kimya kajifunika kanga usoni hakutaja anaumwa nini na hakuna aliyemuuliza. Lami mpaka Mto wa Mbu, pale unaiaga. Baada ya hapo ni vumbi, Engaruka, mawe, makorongo, vumbi tena, mlima Oldoinyo Lengai huyo hapo mkubwa kabisa mbele ya kioo, Koko akavua kilemba akaomba kidogo kwa Kimaasai. Nkamuuliza Koko si wewe ni Mlutheri? Akaniambia na mlima je, nani kauumba. Sikuwa na swali lingine. Kutoka Ngaresero ndo ile njia ya kupanda ukuta wa bonde la ufa, kona juu ya kona, mzee wa Babati akawa anavuta pumzi kama anakunywa uji wa moto na dereva anamwambia vumilia baba, Babu yuko karibu, kumbe Babu hayuko karibu hata kidogo.

Foleni tuliikuta porini kabisa. Magazeti yaliandika kuna wakati ilizidi kilometa 20 na mimi naamini, maana tulipofunga breki hakukuwa na kijiji wala dalili ya kijiji, ni magari tu mpaka macho yanapoishia. Noah, Hiace, Fuso limejaza watu kama mbao, namba za Kenya nyingi tu. Unalala kwenye siti, unaamka, mnasogea hatua chache, mnazima injini. Choo ni kichaka. Maji ya chupa bei yake ni ya kukutoa machozi. Mvua ikinyesha tope, ikikatika vumbi, sijui ile nchi inafanyaje. Na watu walikuwa wametolewa wodini kabisa, unaona mtu ana plasta ya dripu mkononi bado, na siku moja asubuhi gari ya tatu mbele yetu walifunika mtu shuka. Ndugu zake hawakulia kwa sauti. Tatizo lao lilikuwa watageuzaje gari kwenye njia ile nyembamba, ikabidi wanaume tushuke tukasukume mawe pembeni ili wapite. Mwisho wa mwezi ule Babu mwenyewe ilibidi aombe watu wasije kwanza mpaka tarehe 1 Aprili ili waliopo wapungue.

Sehemu ambayo sijaisahau kabisa lakini sio hiyo, ni ya mama wa chai. Kulikuwa na mama wa Kisonjo, mtu mzima wa rika la Koko, alikuwa anauza chai na mahindi ya kuchoma pembeni ya foleni. Koko Kisonjo hajui, lakini yule mama Kimaasai anakijua vizuri, basi wakapatana, gari ikisogea Koko anatembea na fimbo yake anarudi kwa yule mama, wanakaa kwenye dumu. Mi natafsiriwa vipande vipande. Yule mama akasema huo mti hata wao wanautumia toka enzi za bibi zao, wazee wakiumwa viungo wanachemsha, vijana wakirudi na ugonjwa wa kisonono wanachemsha, hamna aliyekuwa anaona ajabu. Na kwamba karibu na kijiji mizizi imeisha, vijana wanaenda mbali na gari kutafuta, wanarudi na magunia.

Koko akauliza wanachimbaje. Yule mama akaonyesha kwa mikono, wanang'oa.

Aisee. Sijawahi kumuona amekasirika vile, hata mbuzi wake walipoibiwa hakukasirika vile. Maana mi nimeenda naye kuchimba toka mdogo, najua sheria zake. Huendi kwenye mti mmoja kila siku, unauacha upumzike. Unachimba upande mmoja tu, unafuata mzizi wa pembeni, ule mkubwa wa katikati ambao anauita mama huugusi. Ukishakata unafukia, unakanyaga udongo vizuri. Gamba unatoa upande mmoja, ukizungushia mti mzima umeua. Na hakwambii hivyo kwa ajili ya mazingira sijui nini, anakwambia hivyo kwa sababu kesho kuna mtu mwingine atakuja anaumwa na wewe utampa nini. Akashika fimbo akasema anaenda kuongea na hao vijana. Mama mkubwa ndani ya gari anapiga kelele yeyo, yaani mama, rudi, yeyo utatutia aibu, tutarudishwa mwisho wa foleni! Alirudi. Ila alinuna mpaka usiku.

Kitu kingine alichofanya, na namshukuru sana, kila asubuhi alikuwa anafungua ule mfuko wake wa rambo anatoa vidonge vya sukari vya mama mkubwa, ambavyo mama mkubwa aliviacha nyumbani makusudi eti asimwonyeshe Mungu kwamba ana mashaka. Kumbe Koko alivikwapua. Anamwambia kunywa. Mama mkubwa anasema si tunaenda kunywa dawa? Koko anasema hujafika bado. Ndo hoja yake yote, hujafika bado, na kwa hoja hiyo akamnywesha njia nzima. Dada wa kanga alikuwa anasikiliza. Usiku mmoja nlimuona anapekua pochi yake gizani, akatoa kichupa, akameza kitu na maji ya Koko.

Siku yetu ilipofika mambo yalienda haraka mpaka nikaona kama tumeibiwa. Hushuki hata, gari inapita taratibu, vijana wanakuja na vikombe vya plastiki, unalipa, unakunywa palepale maana Babu alishasema dawa ni ya kunywa pale kwake, ukiondoka nayo haifanyi kazi. Babu nilimuona kwa mbali kidogo, mzee wa kawaida kabisa, mpole, amechoka. Mama mkubwa alikunywa amefumba macho na machozi yanatoka. Mzee wa Babati alikunywa akasema amina kwa nguvu. Koko naye akapokea kikombe, akanusa, akaonja kidogo, akakizungusha mdomoni, akameza.

"Amechemsha sawa," akasema.

Tuliposhuka bonde ndo akaongea zaidi. Alisema yule si mtu wa miti, yule ni oloiboni wa Kilutheri, mzizi ni ule ule wa ua wake ila watu hawakwenda kule kwa ajili ya mzizi, walienda kwa ajili ya ndoto na mkono wa yule mzee. Alisema bila wivu, kwa kweli kama fundi anayemsifia fundi mwingine wa kazi tofauti. Mi nakubaliana naye na bado nakubaliana naye, na sijawahi kumcheka mtu yeyote aliyekaa kwenye foleni ile, nliwaona.

Mama mkubwa kwa wiki chache alikuwa mtu mwingine, anaimba, anapika, anatembelea majirani. Halafu mama yangu akamshika mkono wakaenda kupima, sukari iko palepale, na akarudi kwenye vidonge vyake bila maneno mengi. Akiulizwa alikuwa anajibu kwamba Babu alimpa miguu ya kutembea ila sukari Mungu kaiacha kwa sababu zake. Babu alifariki Julai 2021, na siku hiyo mama mkubwa alivaa kitenge cheusi.

Kwa Koko sasa, tulivyorudi tu habari ikasambaa kwamba kwa bibi fulani kuna mti wa Loliondo, ukiuona unaota hapo bandani. Watu walianza kuja na madumu, na sio wale wa siku zote, ni watu wa mjini wenye magari. Akawachemshia. Mmoja akauliza ni shilingi ngapi, akaambiwa hamna bei, na sura yake ikabadilika palepale, dawa ya bure inatibu nini. Mwingine akauliza kama imeombewa. Koko akamjibu mi nachemsha tu mwanangu, kuomba omba mwenyewe, una mdomo.

Wakaacha kuja. Akabaki na jirani yetu anayeumwa magoti na wenzake wale wa kilo ya sukari, na lile ua likapona taratibu upande aliouchimba.