Kasa wa Euro Hamsini na Mbili

Likizo ya Desemba ya mwaka 2004, nikiwa na miaka 16, nilishinda kibandani kwa mjomba wangu aliyekuwa akiuza vinyago na vikoi karibu na Fort Jesus, pale Mji wa Kale unapoanzia. Mjomba hakupata kuingia darasa lolote la Kijerumani. Alikiokota ufuoni Bamburi, neno baada ya neno, kwa watalii aliowauzia, na sasa alikuwa akinigawia mimi. "Guten Tag" ilikuwa salamu ya mchana na "danke" ilikuwa shukrani, lakini nililolipenda zaidi ni "bitte", ambalo huombea kitu na papo hapo humjibu anayeshukuru, kama sisi tunavyolituma neno karibu huku na huku bila kulipumzisha. Yote niliyaandika katika daftari langu la shule kwa tahajia ya Kiswahili, ndiyo maana "tschüss", yaani kwaheri, ilikaa humo kama "chusi".

Siku moja alisimama mama wa Kijerumani, mtu mzima, mwenye kofia ya ukili. Alimshika kasa mdogo wa mpingo, akauliza: "Was kostet die Schildkröte?" Niliambulia "kostet" tu, nikajua ni bei. Asubuhi mjomba alikuwa ameniambia kuwa kasa yule ni euro 25, basi nikajikaza na kutamka kwa fahari: "Zweiundfünfzig!" Mama akamrudisha kasa mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Mjomba alikohoa. Nilichukua kalamu nikaandika 25 kwenye kiganja, nikamwonyesha. Mama alicheka hadi akavua miwani, kisha akanieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba kwao mamoja hutangulia makumi: fünfundzwanzig, tano na ishirini. Mimi nilikuwa nimemtajia 52. Nililalamika kwa Kiswahili kwamba hiyo ni lugha ya kichwa chini miguu juu.

"Kwani chuoni mwahesabu vipi, mwanangu?" mjomba akaniuliza. "Si khamsa wa ishrin?"

Sikuwa na la kujibu. Tangu utotoni, katika chuo cha Kurani, nilikuwa nikihesabu hivyo hivyo kwa Kiarabu mbele ya maalimu, tano kwanza na ishirini baadaye, wala sikuona ajabu. Nilianza kuzijaribu namba nyingine palepale, nikizipitisha kwenye Kiarabu cha chuoni, na nyingi zilikubali.

Mama aliponiona nimechangamka, akalipasua jina la kasa vipande viwili: Schild ni ngao, Kröte ni chura. Chura mwenye ngao! Mjomba, aliyekuwa amewauza vyura hao miaka mingi bila kuwajua, alimwinua mmoja akamtazama upya. Kisha mama akaliona neno "shule" kwenye jalada la daftari langu, akalisoma bila kukwama hata kidogo, maana ni lao, Schule, lililobaki katika Kiswahili tangu enzi walipoitawala Tanganyika. Mjomba alisema yeye "skuli" yake yamtosha.

Alilipa euro 25, nikamfunga kasa kwa gazeti. "Danke," akasema. Bitte nilikuwa nayo tayari mdomoni, nimeipanga tangu alipofungua mkoba, lakini kilichonitoka kilikuwa "Chusi!" Naye akapunga mkono, akaitikia, akaenda zake.