Alichoandika mtu kabla hakijakubaliwa

Siku hizi niko kwenye fomu ya maombi ya mkopo ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Imejengwa kwa Wicket, fremu (kiunzi cha kujengea tovuti) ya lugha ya programu ya Java, aliyoianzisha Jonathan Locke mwaka 2004 na ambayo baadaye ikahamia Apache, taasisi ya programu huria. Kila nikiingia humo ndani nazidi kuamini kuwa jambo kubwa katika kazi hii ni heshima kwa maandishi ya mtu ambayo mfumo bado haujayakubali.

Wicket inavitenga vitu viwili: kile mtu alichokiandika, na kile kilichomo kwenye modeli, yaani data ambazo programu imeshazikubali. Mwombaji akiandika "laki tano" mahali panapotakiwa tarakimu, seva inayashika maneno hayo jinsi yalivyo. Inaangalia kama visanduku vya lazima vimejazwa, inajaribu kuyageuza maandishi kuwa namba au tarehe, halafu inapima masharti mengine. Kisanduku kimoja kikikwama, modeli zote zinabaki kama zilivyokuwa, wala nusu ya maombi haipenyi kwenye hifadhidata. Ukurasa ukirudi, mwombaji anaikuta "laki tano" yake palepale, na ujumbe wa kosa juu yake. Jina la mdhamini, anwani, sababu ya mkopo, vyote vipo. Kwa mtu anayechapa kwa kidole gumba kwenye simu ndogo, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Utengano huo una upande wake wa pili, na ndio uliotuchukulia muda leo. Fomu ina kitufe cha "Anza upya", ambacho hakipitii ukaguzi wowote. Kinaweka ombi jipya tupu kwenye modeli, basi. Lakini maandishi ya zamani yakawa yanarudi kwenye skrini, kwa sababu kisanduku chenye maandishi ghafi, yaani yaliyoandikwa na mtu na bado hayajakubaliwa, huonyesha hayo kwanza, na modeli hutazamwa tu yasipokuwepo. Dawa yake ni kuita clearInput kwenye fomu, amri ya kufuta maandishi hayo ghafi. Mwenzangu aliona fremu inajichanganya. Mimi naona iko sawa kabisa. Maandishi ni ya mwombaji, na hayafai kutupwa mpaka tuseme waziwazi yatupwe.

Kuhusu namba kuna hili pia. Wicket huchukua lugha ya kivinjari, na husoma namba kwa desturi ya lugha hiyo. Pesa tunazitunza kama BigDecimal, aina ya namba ya Java inayokubali desimali, kwa hiyo 1.500 kwenye simu iliyowekwa Kijerumani ni elfu moja na mia tano, na kwenye simu ya Kiingereza ni moja na nusu. Chama kina wanachama walio Ujerumani. Ndiyo maana kigeuzi cha pesa, kinachogeuza maandishi kuwa namba, tumekiandika wenyewe.

Linaloniumiza zaidi ni muda. Ukurasa wa Wicket unaishi kwenye seva: kila hali yake inapewa namba, ile inayoonekana mwisho wa anwani kama ?3, na kurasa za nyuma zinahifadhiwa kwenye diski, kwa kawaida hadi megabaiti 10 kwa kila sesheni, yaani kipindi cha mtu mmoja kutumia mfumo. Ndiyo maana kitufe cha kurudi nyuma hufanya kazi vizuri hivi, na ndiyo maana orodha ya wadhamini naiweka ndani ya LoadableDetachableModel, aina ya modeli isiyotunza data zake, ili isomwe upya kila seva inapoitwa badala ya kubebwa na kuhifadhiwa pamoja na ukurasa. Lakini sesheni yenyewe ina mwisho. Tomcat, seva inayoendesha programu yetu, isipobadilishwa, huifunga baada ya dakika 30 za kimya. Mwombaji akienda kumtafuta mdhamini ampe namba ya kitambulisho, akaketi, akanywa chai, akirudi anakuta fomu tupu, kwa kuwa ukurasa wenye anwani yake maalumu huundwa upya bila hata neno la maelezo.

Kurefusha sesheni hakutoshi. Simu inazimika, bando linaisha. Tunachofanya sasa ni kila kisanduku kutuma thamani yake pindi mtu anapokiacha, na seva kuandika rasimu kwenye hifadhidata kwa jina la mwanachama. Tumeruhusu rasimu ibebe hata visivyo sahihi. Baadhi walisita, wakihofia takataka. Mimi nimeshikilia: rasimu ni jedwali lake peke yake, haigusi mahesabu ya mtu, na "laki tano" iliyohifadhiwa ni bora kuliko kisanduku kitupu.

Imebaki picha ya kitambulisho. Hapo Wicket haiwezi kusaidia, kwa sababu vivinjari haviruhusu seva kukijaza tena kisanduku cha faili. Kosa dogo kwenye tarehe linamlazimisha mtu achague picha upya, na kuipakia upya kwa bando lake. Kwa hiyo nimeihamishia kwenye ukurasa wake wa mwisho, baada ya maandishi yote kukubaliwa, na ikifika tu inahifadhiwa pamoja na rasimu.