Dola 100,000 za Chicago na kaunta buku za mjomba

Kule Chicago, Marekani, Jennifer Pritzker, kanali mstaafu, alianzisha maktaba ya mambo ya kijeshi mwaka 2003. Tangu 2007 inatoa tuzo kwa mwandishi aliyetumia umri wake kuandika habari za vita: nishani ya dhahabu na dola 100,000. Nimeipitia orodha ya washindi, na wawili wamenikaa moyoni.

Wa kwanza ni Tim O'Brien, wa mwaka 2013. Huyu alipigana Vietnam, askari wa miguu, akarudi kwao akatunga riwaya na hadithi. Wengi katika orodha ile ni wanahistoria: James McPherson aliyeifungua, Max Hastings, Antony Beevor. Kumweka mtunzi kati yao ni kukubali kwamba nyaraka peke yake haziimalizi vita. Sisi wa Mrima, pwani hii ya Tanga na Pangani, hatukuhitaji kuambiwa. Hemedi bin Abdallah al-Buhry aliitia vita ya Wadachi, yaani Wajerumani, na watu wa pwani kwenye utenzi, ile ya 1888 na 1889 ambayo mwisho wake Bushiri, kiongozi wa watu wa pwani, alinyongwa Pangani. Shaaban Robert wa Machui, karani wa serikali ambaye hakushika bunduki, aliitungia Vita Kuu ya Pili utenzi wa beti 3,000. Beti elfu tatu! Hiyo ndiyo kazi ya umri.

Wa pili ni Hew Strachan wa Uskoti, aliyetuzwa 2016. Katika kuiandika Vita Kuu ya Kwanza aliipa Afrika nafasi kubwa hata sehemu hiyo ikachapishwa kitabu peke yake mwaka 2004. Mtu wa Tanga anaelewa uzito wake. Meli za Waingereza zilifika hapa kwetu tarehe 2 Novemba 1914 na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wametoka India, wakashukia upande wa Raskazone. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwangoja na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Siku ya tarehe 5 Waingereza walikwishaondoka, wameshindwa.

Ukiuliza mjini, utasimuliwa nyuki. Ni kweli nyuki walitibuka wakawauma wa pande zote mbili, lakini kisa hicho kimewafunika watu, nami kinanikera. Jenerali Aitken wa Waingereza anatajwa, Lettow-Vorbeck anatajwa, nyuki wanatajwa. Askari mweusi aliyelala kifudifudi na bunduki yake hatajwi. Wapagazi waliobebeshwa mizigo miaka iliyofuata, wakafa makumi elfu kwa njaa na maradhi, ndio kabisa.

Kwa hiyo namtazama mjomba wangu kwa macho mengine. Anakaa Pongwe. Alikwenda vita ya Kagera akiwa mwanamgambo, kijana hajaoa, na tangu alipostaafu kazi anaandika kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya bluu, herufi zimelala upande. Jumapili nakwenda kumchapia kwenye kompyuta. Haandiki mbinu za vita. Anaandika matope, viatu vilivyomkataa miguu, uzito wa sanduku la risasi begani, na mwendo wa miguu kutoka Masaka kuelekea Kampala, mji ulioanguka tarehe 11 Aprili 1979. Ukurasa mzima ni wa kijana wa Handeni aliyekuwa akiwaimbia usiku, na hakurudi.

“Jina lake umeliweka, mwanangu?”

“Nimeliweka, mjomba.”

“Soma nisikie.”

Namsomea. Akiridhika ananiambia tuendelee. Asiporidhika anachukua kalamu, anafuta mstari, anauandika upya palepale, na chai inapoa. Kuna sura ya kuvuka Mto Kagera ambayo ameiandika mara nyingi na bado anasema haijakaa sawa.

Tuzo za Kiswahili tunazo. Ya Mwalimu Nyerere inazidi kupata jina, na ya Safal-Cornell imeinua waandishi wengi. Nazipenda zote mbili. Lakini hizo zinapima mswada. Natamani pawe na moja inayompima mtu mzima, miaka yake yote ya kuandika, na ndani yake wawe na fungu wanaoandika vita tulivyopigana sisi: Mrima, Majimaji, Tanga, Kagera. Fedha isifike hata robo ya ile ya Chicago, si neno. Hao wa Kagera sasa ni wazee, na wengi wana habari ambazo hata watoto wao hawajazisikia.

Kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyekwenda, mnunulie kaunta buku na kalamu. Kama macho hayamruhusu, mrekodi kwa simu. Usianze kwa kumuuliza aliua wangapi. Muulize alibeba nini, alitembea na nani, walikula nini. Mjomba anasema maswali hayo angeyajibu miaka mingi iliyopita, ila hakuna aliyemuuliza. Sura ya Masaka tumeimaliza juzi. Jumapili hii tunaanza ya Lukaya.