Nilivyookoa nyimbo za kwaya yetu zilizochoshwa na kugeuzwageuzwa

Mwalimu wa kwaya yetu hapa Kayole alinikabidhi flashi yenye nyimbo zetu za miaka mingi. Alitaka nizipange, nisawazishe sauti, kisha zigawiwe wanakwaya. Nilipozisikiliza kwa makini, kilichoniumiza ni kayamba. Kayamba letu lina mchakacho mkavu, unasikia punje zikigonga mabua. Kwenye zile faili lilikuwa limegeuka mvumo laini, kama maji yanayochemka chumba cha pili. Besi walikuwa sawa kiasi. Makofi, kayamba na kila "s" ya soprano ndivyo vilivyoharibika.

Nilianza kuuliza kila wimbo umepitia wapi. Mmoja ulirekodiwa kwa simu ukawa faili ya aina ya M4A, mtu akaugeuza kuwa MP3 ili uingie kwenye flashi ya gari, mwingine akaukata mwanzo kwa programu na kuuhifadhi tena MP3, kisha ukapelekwa dukani ukageuzwa mara nyingine. Hapo ndipo sauti inapoliwa. MP3 na AAC (ndiyo iliyo ndani ya M4A nyingi) hupunguza faili kwa kutupa kile ambacho sikio linadhaniwa halitakisikia kwa sababu kimefunikwa na sauti kubwa zaidi, na kinachobaki hakihifadhiwi kwa usahihi wote. Kelele ndogo inayotokana na hilo hufichwa chini ya muziki. Ukigeuza tena, programu ya pili haijui kipi ni wimbo na kipi ni kelele ya mgeuzo wa kwanza. Inabana vyote, inaongeza kelele yake, na maficho yanaisha. Kayamba huumia mapema kwa sababu mlio wake ni wa ghafla na umejaa sauti za juu. Mgeuzo hufanya kazi kwa vipande vya muda, hivyo kelele humwagika hata kabla ya pigo lenyewe, na makali ya pigo yanapotea.

Mama mmoja wa soprano aliniambia, "Lakini kijana wangu, hizi zangu ni 320, si ndizo safi?" Alimaanisha kilobiti 320 kwa sekunde, kipimo cha data ambayo faili hutumia kwa kila sekunde ya wimbo. Nilimfungulia wimbo kwenye Spek, programu inayochora sauti kwa rangi. Juu ya kilohezi 16 hivi, yaani kwenye sauti nyembamba za juu kabisa, kulikuwa kweusi tupu, mstari umekatwa kama kwa rula. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya MP3 ya kilobiti 128. Mtu aliichukua akaihifadhi upya kama 320: faili ikanenepa, kilichotupwa hakikurudi. Alikubali mara moja, akaanza kuwapigia simu wenzake kutafuta nakala za zamani. Bila yeye nisingefika mbali.

Kwenye kundi la kwaya niliomba kila mtu atafute faili ya kwanza kabisa na kuituma WhatsApp kama hati, kwa kuwa hati hufika bila kuguswa. Neema kubwa ilitoka kwa fundi wa mitambo aliyekuwa akirekodi ibada zetu za Pasaka. Alikuwa na memori kadi yenye WAV, sauti isiyobanwa. WAV ya stereo ya ubora wa CD hula karibu megabaiti 10 kwa dakika, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuziomba. Nilizihifadhi kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa na bado hurudisha kila biti ilivyokuwa. Kazi yote ya kusawazisha niliifanyia hapo, kisha nikatoa MP3 mara moja tu, mwishoni.

Nyimbo zisizo na WAV zilihitaji subira. M4A iliyotoka moja kwa moja kwenye simu niliiacha ilivyo. Palipohitaji kukatwa nilitumia programu ya ffmpeg kwa amri ya kunakili, na kwa MP3 nikatumia programu ya mp3DirectCut. Zote hukata bila kubana upya. Sauti ya MP3 niliipandisha kwa programu ya MP3Gain, ambayo hubadilisha tu namba ya ukubwa wa sauti ndani ya faili, kwa hatua za desibeli 1.5. Inatosha kabisa. Kwa wenye redio za gari zisizosoma M4A niligeuza mara moja, kilobiti 256, na sikupitisha wimbo kabla ya kusikiliza kayamba.

Kuna wimbo mmoja wa marehemu mwanzilishi wa kwaya uliosalia kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp pekee, yaani faili ya Opus, aina nyingine ya sauti iliyobanwa. Huo sikuugeuza. Uko kwenye folda yake, nakala tatu, vile vile ulivyotumwa. Mwalimu ameamua tuuimbe upya baada ya ibada, kwa ufunguo ule ule alioutumia yeye, na fundi atarekodi kwa WAV.