Karafuu na Mlango Mmoja wa Kuuzia

Kwetu Pemba karafuu ni kazi ya mikono kutoka mwanzo hadi mwisho. Mchumaji hupanda mti mrefu wenye matawi mepesi kuvunjika na hulipwa kwa pishi, kipimo cha ujazo. Jioni familia nzima hukaa kutenganisha karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake. Kisha karafuu huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na anayezianika hakai mbali, kwa kuwa manyunyu ya dakika chache tu yanaweza kuishusha daraja kazi ya wiki nzima. Baada ya jasho lote hilo, mkulima hana pengine pa kuuza kihalali ila kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, yaani ZSTC. Bei imeshapangwa kabla hajafika, na hana mnunuzi wa pili wa kumwendea.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na kila ninapolirudia naona kwamba tumezoea kuliita ulinzi wa mkulima bila kuuliza nani hasa analindwa.

Mpango huu haukuanza baada ya Mapinduzi. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka ya pekee ya kununua zao hili kwa ajili ya kulisafirisha nje. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wenye mashamba walizama katika madeni ya wafanyabiashara wenye asili ya India, na mashamba mengi yalikuwa yamewekwa rehani. Hata hivyo, dawa iliyochaguliwa haikugusa deni. Ilimfungia mlango mnunuzi na kuipa taasisi moja ufunguo. Wafanyabiashara waligoma, na chama cha Congress kule India kikaunga mkono kususiwa kwa karafuu za Zanzibar katika soko lililokuwa miongoni mwa masoko yake makubwa. Mwaka 1938 ulipatikana mwafaka uliowarejesha wafanyabiashara hao, kwa sharti kwamba sehemu ya karafuu wanazosafirisha wainunue kutoka kwa chama chenyewe. Kila upande wenye sauti ulipata fungu lake. Mchumaji aliyelipwa kwa pishi hakuwa na mwakilishi katika mazungumzo hayo.

ZSTC iliundwa mwaka 1968 na kurithi nafasi ya mnunuzi wa pekee. Kwa kuwa bajeti ya serikali ilitegemea karafuu, tofauti kati ya bei ya dunia na bei ya kituoni iligeuka kodi ambayo haikutajwa kwa jina lake, na kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo tu ya thamani ya zao lake. Aliyetaka zaidi alipakia magunia usiku na kuvuka kwenda Kenya. Tuna hata kikosi, KMKM, ambacho jina lake refu ni Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo.

Siyatetei magendo. Watu wamepoteza mali zao baharini, na wengine maisha yao. Lakini ukweli usemwe: kwa miongo kadhaa mshindani pekee wa shirika alikuwa huyo mwenye chombo cha usiku, na ni kwake mkulima alikopata kujua karafuu yake ina thamani gani. Mwaka 2011 serikali ilipoamua kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na bei ya daraja la kwanza ikafika shilingi 15,000 kwa kilo, magendo yalipungua sana. Bei iliyo karibu na haki ilifanya kazi ambayo doria zilikuwa zimeshindwa kuifanya kwa miaka yote iliyotangulia.

Naikubali hatua ile na naipongeza kwa dhati. Kinachonisumbua ni kwamba asilimia 80 ni uamuzi wa viongozi, na uamuzi wa viongozi unaweza kubadilishwa na viongozi. Mkulima hana namna ya kuudai kwa kumgeukia mnunuzi mwingine.

Anayedhani kwamba mnunuzi mmoja hubaki mwema kwa sababu tu ameundwa kwa jina la mkulima aitazame Indonesia, nchi inayolima karafuu nyingi kuliko zote na kuzitumia nyingi katika sigara zake za kretek. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa huko BPPC, bodi ya kununua karafuu zote, kwa ahadi ile ile ya kuinua bei ya mkulima. Iliongozwa na Tommy Suharto, mtoto wa rais, na ikapewa mikopo nafuu kutoka benki kuu. Ilinunua kwa bei ya chini, ikawauzia wenye viwanda kwa bei ya juu, na maghala yalipofurika wakulima wakashauriwa kupunguza mikarafuu yao. Bodi hiyo ilivunjwa mwaka 1998, pale Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoweka jambo hilo miongoni mwa masharti ya mkopo wa kuiokoa nchi. Wakulima walikuwa wamelalamika miaka yote hiyo bila kusikilizwa.

Zanzibar haijafika huko, na ZSTC ina manufaa ambayo singependa yapotee: kupima ubora, kulinda jina la karafuu yetu, na kuwa mnunuzi wa uhakika pale bei ya dunia inapoanguka. Kazi zote hizo zinaweza kufanywa bila kumzuia mtu mwingine kununua. Ningependa kuona ushirika wa wakulima wa Wete au Mkoani ukipewa leseni ya kusafirisha nje japo sehemu ya mavuno yake, shirika likibaki na bei yake ya kima cha chini, isiyoshuka zaidi ya hapo, kwa asiyetaka kujihangaisha. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Kijana anayepewa leo mche wa bure na kuuotesha ana haki ya kujua kwamba siku ya kuvuna atakuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumuuliza bei.